Ufuta Ulipofungua Midomo

Sepuka, Singida

Mama yangu,

Shikamoo. Mgongo umeachia? Na baba, bado anabishana na redio? Huku tu wazima, jua tele, na upepo ndio usiseme. Ningepiga simu, lakini ungecheka ukanikatiza, na habari hii nataka uipate yote.

Mama mkwe alikwenda Ulemo kumwangalia wifi yangu aliyejifungua, akaniachia shamba la ufuta. Peke yangu, mama! Mwaka wangu wa kwanza huku, na mume wangu yuko Utemini kwenye ujenzi. Mama mkwe aliniachia neno moja tu: "Maganda ya chini yakiwa njano, kata." Nikaitikia vizuri. Moyoni nikasema, nani huyo anavuna kibichi? Maharage yetu Bukoba si tunayaacha yakaukie shambani? Nikasubiri. Ujuaji huu unajua nimeurithi kwa nani.

Siku moja mchana napita shambani, nasikia vitu vinaniingia kwenye viatu. Ufuta! Maganda ya chini yameachama kwenye ncha, upepo ukipiga mashina, mbegu zinaruka. Sisimizi wanabeba utadhani wamealikwa harusini. Nikapiga yowe. Mbegu ile mama mkwe aliachiwa na mama mkwe wake, hajawahi kununua dukani. Ikiishia kwa sisimizi, ningemtazama kwa macho gani?

Nikashika mundu. Nilikata siku mbili, kila shina nimelishika wima, maana likiinama tu linamwaga. Nilitembea kama mtu aliyebeba bakuli la uji limejaa pomoni. Nikafunga mafungu, nikayasimamisha yakiegemeana, midomo juu. Turubai hatuna, kwa hiyo chini nikatandika, tafadhali usikasirike, yale mashuka uliyonidarizia ya harusi. Yote mawili. Nitayafua.

Mama mkwe aliporudi aliyazunguka mafungu yote. Akauliza, "Nani kakufundisha kuyasimamisha hivi?"

"Woga, mama."

Alicheka mpaka akakaa chini! Nikakiri kwamba ufuta wa upande wa bondeni ulishamwagika. Akasema, "Hata mimi mwaka wangu wa kwanza nililisha sisimizi." Mafungu yalipokauka tukageuza la kwanza, midomo chini, tukaligonga kidogo kwa fimbo: chwaaa! Mweupe, mwingi! Nilipiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza nani anaolewa.

Msalimie baba, na bibi mwambie nala vizuri. Kaka mkubwa asinicheke, yeye hata ndizi huwa anakatiwa.

Na hili nimeliweka mwisho makusudi. Jana mama mkwe alichagua ufuta mzuri kuliko wote, akaujaza kwenye kibuyu cha mbegu. Kibuyu hicho hulala chumbani kwake, hata mume wangu hajawahi kuruhusiwa kukigusa. Akanipa kwa mikono miwili.

"Kaa nacho wewe," akasema. "Msimu ujao nitakuja kukuomba mbegu."

Mwanao,
Koku