Mnada wa Bawaba

Jumatatu, 4 Machi

Basi, yameamuliwa. Manunuzi yote ya kiwanda yanahamia mtandaoni, tunaanza na bawaba za madirisha. Mnada wa kushuka! Kila muuzaji kwenye kompyuta yake, wanaonana kwa namba tu, mwenye bei ndogo kabisa anabeba mkataba wa miaka mitatu. Preben, bosi wangu, kanikabidhi mfumo mzima. "Wewe ndiye refa, Lisbet." Nilifurahi, nisijidanganye. Kisha nikamkumbuka Egon.

Miaka ishirini na sita anatuuzia bawaba, kwa kupeana mikono tu. Karakana yake ina watu kumi na mmoja na haina mteja mwingine wa maana. Tukimwacha, anafunga.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeshinda jikoni kwa Egon nikimfundisha. Inaruhusiwa — wauzaji wote wanne nimewafundisha. Vidole vinene, kila mara anabonyeza kusiko. Mkewe, Ragna, hoi kwa kicheko: eti mashine ya tani nane anaiweza, kipanya kinamshinda!

Sasa tunamlipa krona arobaini na sita kwa jozi. Akaropoka: "Chini ya arobaini na moja, mwanangu, nauza damu yangu." Sikupaswa kulisikia hilo. Ndiyo nimeshalisikia. Nikamwambia ukiona rangi nyekundu ujue umepitwa, shusha, usizubae.

Ijumaa, 15 Machi

Kuanzia leo marufuku kuongea na muuzaji yeyote mpaka mnada uishe. Na Egon huyo, kaja na mfuko wa mikate ya moto, kama Ijumaa zote! Nikamzuia mapokezi.

"Hata mkate, Lisbet? Mkate nao rushwa?"

Hata mkate, nikasema. Akaondoka nao. Aibu niliyoona, sijui niipeleke wapi. Preben akapita anacheka: "Safi sana, refa."

Jumatano, 20 Machi

Kesho saa nne. Wauzaji wanne, wote wamethibitisha.

Alhamisi, 21 Machi

Naandika hapa hapa kazini.

Mnada ulikuwa uishe saa nne na nusu. Lakini bei ikishuka dakika ya mwisho, mfumo unaongeza dakika mbili. Sasa ni saa tano kasoro kumi! Watatu wamejitoa, wa mwisho wao kwenye arobaini na tatu. Wamebaki namba mbili, ndiye Egon, na namba tano.

Namba tano? Mimi niliandikisha wanne.

Nimefungua orodha. Kaandikishwa jana jioni, kwa akaunti ya Preben.

Nimemfuata ofisini. Hata haya hana! Eti kila kampuni inafanya, mnada usipochochewa unalala. "Mzee bado ana nyama huyo, mwache akimbie. Nitajitoa wakati wake ukifika." Nikanywea. Nimerudi mezani, najichukia.

Arobaini na moja. Namba tano: arobaini na nusu. Egon: arobaini. Jamani Egon, acha! Huna mpinzani hata mmoja, unajishusha mwenyewe! Akishinda kwa bei hii ni miaka mitatu ya hasara, na kumi na mmoja wale wanakwenda naye.

Ragna ananipigia simu. Sipokei. Anapiga tena.

Namba tano: thelathini na tisa.

Kitufe cha kusimamisha ninacho mimi peke yangu. Nimekibonyeza. Kumbe hakisimamishi hivi hivi — kinataka sababu kwanza, na sababu hiyo wauzaji wote wataisoma. Nimeandika: "Namba tano ni bosi wangu." Sijatuma. Nina mkopo wa nyumba, nina miaka hamsini na mbili, nani ataniajiri?

Preben kaja na vikombe viwili vya kahawa. Changu kakiweka karibu na mkono wangu, na maziwa, kama ninavyopenda. Kioo changu hakioni kutoka alipo. Bado.

"Vipi refa, mzee anashuka?"

Naandika ili nisimtazame usoni. Zilibaki sekunde ishirini, na Egon kashusha tena: dakika mbili nyingine.