Yasini Moja Kabla ya Kuwasha Friji

Baba Zaituni wangu,

Friji inafanya kazi. Nimeanza na hilo kwa sababu nakujua: hata ningekuandikia kwamba paa limeezuka, ungeuliza kwanza kama friji imepona. Imepona. Na aliyeiponya ni mimi mkeo, kwa mikono yangu miwili, mchana kweupe, humu humu Bwiza. Mama yako ni shahidi.

Unakumbuka ulivyonitesa na tochi? Miaka ishirini na miwili ya ndoa, kila pasi, kila redio, kila jiko la umeme lililoletwa hapa barazani kwako, mshika taa alikuwa ni mimi. "Shika taa vizuri, Mama Zaituni." Nami nashika, huku mchuzi unaungua jikoni. Nikinyoosha mkono kwenye turunevisi nikaze japo skrubu moja, unaisogeza pembeni na kuniambia umeme hauna mchezo na mtu asiyeujua. Leo nasema wazi, maana ulipokuwa hai nilinyamaza: nilikasirika. Nilikasirika sana. Uliniamini na watoto, uliniamini na ufunguo wa nyumba, lakini skrubu ya pasi, ah, hiyo sikuiweza.

Ila hukujua kitu kimoja. Mshika taa anaona kila kitu. Hana la kufanya ila kutazama.

Nikukumbushe na ile sheria yako ya Yasini, iliyochekwa na mtaa mzima. Umeme ukikatika Bwiza halafu ukarudi, kelele za furaha zinapita nyumba hadi nyumba, na kila mtu anakimbilia kuchomeka vitu vyake. Wewe ulikataza. Ulisema umeme ukirudi unarudi na hasira, unapanda na kushuka, na moteri ya friji iliyosimama ghafla inataka kupumzika kwanza. Wengine wangetazama saa. Wewe ukatuamuru tusome Yasini moja, yote, bila kukimbia, ndipo tuchomeke. Kusubiri bure ni hasara, ulisema, bora tusubiri kwa thawabu. Majirani walicheka mpaka friji zao zikaanza kuja hapa kwenye mkokoteni, moja moja, na yetu iko pale pale inanguruma.

Sasa sikia kilichotokea. Jumatano, wiki moja baada ya kutoka eda, nilikwenda sokoni kununua marakuja za juisi. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri. Huku nyuma ukarudi, mtaa ukashangilia, na mama yako alikuwa na kiu ya maji ya baridi. Akachomeka. Ukakatika, ukarudi, akachomeka tena. Nilipofika nikaikuta friji inanguruma kidogo, halafu tik, kimya. Baada ya dakika chache, inanguruma tena, tik, kimya. Mama amekaa na tasbihi yake, haniangalii usoni.

Nikamuuliza kama alisoma Yasini. Akasema amesoma Kulhuwallahu mara tatu, na Kulhuwallahu mara tatu ni sawa na Kurani nzima, kwa hiyo amezidisha. Thawabu kweli alipata nyingi, lakini moteri ilikuwa inahesabu dakika.

Shemeji Hamisi, mdogo wako, akaleta fundi. Fundi akagusa nyuma ya friji, akavuta mkono haraka maana kulikuwa na moto, akasema moteri imekufa, na kwamba yeye anaweza kutuondolea mzigo akaiuze kama chuma chakavu. Hakufungua hata skrubu moja. Hamisi akashusha pumzi, akaniambia kwa huruma, "Mama Zaituni, iyo kitu ilishakufa. Mukuje Kanyosha, tuishi wote pamoja." Akapanga kuja Ijumaa baada ya sala na gari ndogo. Friji iende kwa fundi, sanduku lako la vyombo vya ufundi liende kwake Kanyosha, maana mwanamke atalifanyia nini, na mimi na mama tufunge mizigo.

Usimkasirikie. Anatupenda, na chumba cha kutuweka alikuwa ameshakipaka chokaa. Lakini wewe unajua friji ile ndiyo shamba langu. Wanawake wanaoleta samaki wa mukeke kutoka Ruziba wananunua barafu kwangu kila asubuhi, na wapita njia wananunua juisi. Bila friji sina kazi, na bila kazi sina nyumba. Nami sikutaka kuwa mgeni kwenye chumba cha mtu, hata kiwe na chokaa mpya. Nilitaka kuzeeka hapa tulipokaa wote wawili. Alhamisi nililia mchana kutwa, nikalilia friji na wewe kwa pamoja, sikuweza kuwatenganisha.

Ijumaa asubuhi nikaichomeka mara ya mwisho, kuiaga tu. Ikanguruma. Tik. Kimya. Hapo ndipo nikakusikia. Kuna siku ulimwambia mteja mmoja, nami nimeshika taa begani kwako, "Moteri iliyokufa hainung'uniki. Inayonung'unika inaomba kusaidiwa kuamka."

Nikainuka. Nikachomoa waya, nikaivuta friji kutoka ukutani, nikaleta sanduku lako. Nilipolifungua harufu ya mafuta yako ya mashine ikanipiga, nikakaa chini kidogo. Kisha nikafanya ulivyokuwa ukifanya: kichwa cha waya nikakiweka chini ya goti langu, ili mtu asije akachomeka wakati mikono yangu iko ndani. Na katika nyumba yenye mama yako, Baba Zaituni, hiyo si tahadhari ya bure.

Nyuma kule ni giza, kwa hiyo nikamwomba mama anishikie tochi. Akakaa kwenye kigoda, akaanza vizuri, lakini kila nikigeuka mwanga uko darini. Nikasema, "Mama, shika taa vizuri." Sauti ilikuwa yangu lakini maneno yako kabisa. Akaniangalia, nikamwangalia, tukacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga, na yale machozi hayakuwa ya kicheko peke yake.

Nikafungua kifuniko kidogo kilicho ubavuni mwa moteri. Pale ndipo ilipochomekwa rilei, kile kitu cheusi kama kiberiti, chenye kazi ya kuisukuma moteri ianze. Nikakichomoa polepole, nikakitikisa sikioni kama ulivyokuwa ukikitikisa. Kacha-kacha-kacha. Kama punje za mahindi kwenye kopo. Uliwahi kusema kizuri hakisemi kitu, kikilia kimepasuka ndani. Basi moteri haikufa. Kilichokufa ni mtoto wake mdogo huyu, na fundi yule alikuwa tayari kuondoka na friji nzima kwa ajili yake.

Nikakumbuka lile kopo lako la maziwa ya unga, ambalo mara tatu nilitaka kulitupa na mara tatu ukalitoa jalalani. Nisamehe. Humo ulikuwa umeweka rilei ulizozitoa kwenye friji zisizofaa tena. Nikazitikisa moja moja. Ya kwanza ikalia. Ya pili ilinyamaza lakini matundu yake hayakulingana na yetu. Ya tatu ikalia nayo. Ya nne ikanyamaza, na ikaingia kwenye moteri kama iliyozaliwa hapo.

Nikarudisha kifuniko, nikakaza skrubu zote mbili. Kisha nikamwambia mama, Yasini. Aliisoma kwa sauti, herufi kwa herufi, taratibu kuliko hata wewe, na mimi nimekaa sakafuni na ule waya mkononi. Alipomaliza akapitisha viganja usoni, akasema, "We chomeka sasa."

Nikachomeka. Friji ikatikisika kidogo, ikashika, ikaendelea. Tukaisubiri tik. Haikuja. Tukasubiri tena. Haikuja! Nikapiga vigelegele peke yangu jikoni mpaka jirani akaja mbio kuuliza kama zimefika habari za Zaituni kujifungua. Nikamwambia hapana, ni mimi nimefufua friji. Akadhani huzuni imenigeuza akili, nikamshika mkono nikauweka kwenye moteri ausikie mwenyewe.

Hamisi akaja baada ya sala, na vijana wawili wa kubeba. Nikamkaribisha, nikamfungulia friji, nikamwekea bilauri ya maji ya baridi mbele yake. Akayanywa. Akatazama friji, akatazama bilauri, akauliza fundi gani amekuja. Mama akamwonyesha mimi kwa kidole. Hamisi akacheka, halafu akaona hakuna anayecheka naye. Hata hivyo mkono wake ulikwenda kwenye sanduku la vyombo, labda kwa mazoea ya mtu aliyekuja kubeba kitu. Mama yako hakuinuka hata kigodani.

"Apana, Hamisi. Weka chini. Iyo sanduku iko na mwenyewe."

Akaliweka chini. Vijana wakarudi na gari tupu. Alipofika mlangoni akageuka, akauliza kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani, kama ninaweza kuitazama na pasi ya mkewe. Imeletwa Jumatatu. Waya ulikuwa umekatikia shingoni, pale unapojikunja kila siku. Nimeukata, nimeuunga upya, imetoka hapa inawaka. Tangu hapo nimeletewa na birika la umeme. Lile bado linanishinda, lakini nimeshalifungua, na sitalifunga mpaka lijieleze.

Natamani ungekuwepo uone. Hapana, nasema uongo. Ungekuwepo, ningekuwa nimeshika taa. Nakukosa sana, na bado nina hasira nawe kidogo, na yote mawili nayabeba vizuri tu. Mkaidi ulikuwa, lakini ulifundisha bila kujua, na mwanafunzi wako amefaulu.

Sheria yako imebaki. Umeme ukirudi, mtaa unashangilia, mimi na mama tunakaa chini na hakuna anayegusa waya. Tunasoma Yasini moja, yote, bila kukimbia. Zamani tuliisomea friji. Sasa tunakusomea wewe, na friji inasubiri zamu yake. Na kwa umeme huu wa Bujumbura unavyokatika, Baba Zaituni, hakuna maiti mji mzima anayesomewa kama wewe.

Lala salama. Taa nimeiweka chini, turunevisi ninayo mimi.

Mkeo,
Mama Zaituni, fundi