Kinyago chenye Geji

Newala, Jumanne

Sijui kwa nini kinanisumbua hivi, kinyago chenyewe nimekichonga mimi.

Nimekipachikia gia za shaba, miwani ya mchomeleaji, na kwenye paji la uso geji ya kupimia mvuke iliyotoka kwenye boila ya kiwanda cha korosho. Tangu kiwanda kifungwe kikisubiri mnunuzi, vitu hivi vinauzwa kama chuma chakavu. Mimi naviona vina sura. Nikivishika, natamani kuunda kitu. Vijana wenzangu wanataka niwatengenezee hata mikanda ya gia.

Lakini hiki ni cha mapiko, ngoma ya vinyago vya mizimu. Kitacheza Jumamosi watoto wakitoka jandoni, na mjomba asiporuhusu hakitoki.

Leo amekuja. Nimemwamkia, akaitikia macho yakiwa kwenye kinyago. Niliogopa. Boila ile aliilisha kuni yeye mpaka siku walipofunga lango, na hajapita tena njia ile.

"Umemvisha mzimu mashine," akasema.

Akavuta pindo la shati, akafuta kioo cha geji, akakigonga kwa kucha, akasubiri. Mshale haukutikisika.

"Umekufa huu."

"Ndiyo, mjomba. Ni pambo tu."

"Basi hakitoki. Wenzangu wote wa zamu watakuwepo uwanjani. Wataangalia mshale kwanza. Unataka wauone umelala kwenye sifuri?"

Akaondoka bila kuaga.

Nimeifungua geji yote, vipande vimejaa mkekani. Natafuta namna ya kuufanya mshale upande kila mchezaji akipumua ndani ya kinyago.