Picha ya Mzee Mutunga

S.L.P. 37,
Wote.
14 Oktoba 1988

Mpendwa mpwa wangu Nzilani,

Habari za huko Mombasa? Natumai joto halijakushinda na masomo yanaendelea. Mama yako Ndila anaendeleaje na ule mguu? Sisi huku tu wazima. Mvua bado, ila mawingu yameanza kukusanyika upande wa Mbooni, na kila mtu anaharakisha kumaliza matuta ya shamba.

Nakuandikia nikiona haya. Mwezi wa nane uliniuliza msichana wa umri wako ajitayarishe vipi kuwa mpangaji wa kurasa za majarida. Nilikujibu kwa kejeli, kwamba hiyo ni kazi ya kupaka poda maneno ya wengine. Kisha nikamwandikia mama yako asikukubalie kuchukua uchoraji kidato cha tatu. Najua hasogei bila neno langu mimi kaka yake, na kwamba mwezi ujao mnachagua masomo.

Sasa sikiliza. Musembi, anayepanga kurasa za jarida letu la wakulima, alienda mazishini Kyuso. Sikumngoja. Mimi niliyebishana na wachungaji na madiwani, nishindwe na mkasi na gundi? Nilikata safu za maandishi nikabandika, na kila palipobaki peupe nikajaza maneno, maana nafasi tupu niliiona kama uvivu. Picha ya Mzee Mutunga ikakosa pa kukaa. Nikaibandika palipoitosha, chini ya kichwa changu kikubwa cheusi: WEZI WA MBEGU.

Makala yangu ilikuwa inawachapa wachuuzi wanaowauzia wakulima mbegu zilizokufa. Mzee Mutunga ndiye mtunza ghala la mbegu la kikundi chetu, na habari za kumsifu zilikuwa ukurasa wa pili. Lakini nani alifika ukurasa wa pili?

Jumanne tulikuwa mwethya, kuchimba matuta pamoja shambani kwa Mbula. Mzee alipofika na jembe lake, mtu mmoja akapaza sauti, "Mama Mbula, ficha kibuyu cha mbegu! Mwenye kuzipenda ndiye huyo!" Watu wakacheka. Mimi nikatazama udongo.

Mzee alitoa jarida mfukoni, akanikunjulia. "Mwalimu, hapa umesema nini?"

Nikaanza kumweleza kwamba sifa zake ziko ndani, akifungua tu.

"Wajukuu wangu hawakufungua," akasema.

Akaweka jembe begani akaenda zake. Wajua kwetu mtu haondoki mwethya kabla ya kula isyo ya mwenye shamba. Yeye aliondoka mahindi na maharagwe yakichemka, na hakuna aliyethubutu kumwita. Nimewapiga wengi kwa kalamu, Nzilani, na sijutii. Huyu nimempiga bila kuandika hata neno moja baya juu yake.

Kwa hiyo swali lako nalijibu upya. Chukua uchoraji, lakini usiache lugha, maana mpangaji asiyesoma habari atabandika kama nilivyobandika mimi. Okota majarida ya zamani, uyapime kwa rula: safu ni ngapi, pambizo ni pana kiasi gani, jicho linatua wapi kwanza. Kisha chora ukurasa uleule upya kwa penseli, ukiamini kuwa aliyeupanga alikosea. Bishana naye! Jifunze kuchora herufi kwa mkono. Omba kupanga jarida la shule, hata kama ni la kuchapwa kwa stensili, na likizo ukae na Musembi kule Machakos wanakochapisha. Kila ukimaliza ukurasa, funika maneno yote kwa viganja uulize: picha na kichwa, vikiwa peke yao, vinasema nini? Na usiogope nafasi nyeupe. Laiti ningaliacha moja.

Barua ya mama yako nimeitia humu. Nimemwambia nilikosea na kwamba akukubalie. Msomee mwenyewe, usiruke mstari.

Humu pia mna picha ya Mzee na maneno yangu ya kumwomba radhi. Nilimfuata kwake jana. Alinipa kiti, akarudi kuchambua mbegu zake. Ukurasa wa mbele wa toleo lijalo ni wako, na Musembi amekubali. Maneno yangu yakimbana Mzee, yakate. Mpe nafasi ya kupumua. Jina langu liweke panapoonekana, na usinitafutie pembe ya kujificha.

Msalimie baba yako, na Mbuvi mdogo umwambie ng'ombe wake mwekundu amezaa. Shangazi yako Kalunde anawakumbuka nyote katika sala. Mungu aiongoze mikono yako vyema kuliko alivyoiongoza yangu.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye na kukuonea haya,

Muthama