Pafu la Kushoto

Guangzhou, siku kumi kabla ya sikukuu ya kufagia makaburi

Kwako Dada Ruilan,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako. Hujambo? Shemeji na watoto hawajambo? Mimi ni mzima. Kifua changu kimepimwa mara mbili, hakina kitu, kwa hiyo usianze kunipigia simu ukilia.

Umeniandikia kwamba Mama bado anamwota Baba amesimama mlangoni na aproni yake ya jikoni, anahema, haingii. Alimchomea koti la karatasi ili moshi umfikishie huko aliko, akidhani anasikia baridi, na juzi akaja vilevile. Dada, Baba hasikii baridi.

Unakumbuka mwaka jana ugonjwa ulipoanza, wakubwa walisema ni bakteria. Dawa zikamiminwa na watu wakaendelea kufa. Sisi wa maabara tulipima makohozi mpaka macho yakatuuma, hatukuona kitu. Baba naye alipofariki kwa ugonjwa huo, mkuu wangu Daktari Ou alisema jibu limo ndani ya mapafu yake, turuhusiwe kukata kipande. Wauguzi wanne walikuwa wameshalazwa. Mama akakataa katakata. Alisema sisi tumezoea kukata panya, na mumewe si panya. Ataenda kwa wazazi wake waliotangulia akiwa mzima, hata ukucha usipungue. Nilimshika mkono nikamwahidi.

Wiki ile tukapata kipande cha pafu la mgonjwa namba kumi na saba. Siku ya tano tukaviona: virusi vipya, vya mviringo, vyenye miiba pande zote. Wenzangu walipiga kelele kama watoto. Mimi nilikwenda chooni nikajifungia.

Dada, namba kumi na saba ni Baba. Nilitia saini ruhusa ya kumkata saa moja baada ya kumwahidi Mama. Kile kipande hakijaisha, kilichobaki kimo kwenye friza yetu, na kila asubuhi nikiifungua namuuliza, "Baba, umekula?" Wauguzi wawili walipona. Ningeulizwa leo, ningetia saini tena, na hilo ndilo linaloniogopesha.

Nakuomba uende kwa fundi wa karatasi pale sokoni. Atengeneze pafu moja, la kushoto, kubwa, maana Baba alikuwa na kifua kipana. Lichome limefichwa chini ya koti jingine la karatasi, Mama asilione. Au mwambie. Wewe ndiye mkubwa.

Wabusu watoto. Msalimie Mama, na Baba mwambie aingie ndani.

Ni mimi mdogo wako,
Peizhen