Ubeti wa Wanaobaki

Akita, mwishoni mwa Machi

Kaka Shuhei,

Theluji bado imerundikana nyuma ya nyumba. Zile figili zilizokaushwa kwa moshi ulizoomba nitakutumia wiki hii, usinisumbue.

Mahafali yetu yalikwenda vizuri. Kiti chako Mama alikiwekea mkoba wake. Wimbo wa kuagana unaukumbuka: wanaobaki shuleni huimba ubeti wa kwanza, wanaoondoka huitikia wa pili, na wazazi hulia kimya kimya. Safari hii tulipoanza kuitikia, Mama alisimama katikati ya wazazi akaimba nasi mpaka mwisho. Watu wakacheka. Mwalimu Kudo akamtania, "Mama Chinatsu, kumbe nawe unahitimu?"

"Ndiyo, mwalimu," Mama akajibu. "Mama yangu amekaa wapi?"

Nami nilicheka. Lakini jioni aliniuliza mahafali yangu ni lini, na hajaacha kuuliza tangu siku hiyo.

Unataka kujua kama nimepata chumba huko Sendai, karibu na chuo. Kila asubuhi Mama hunipangia nguo kwenye begi la safari, na kila jioni nazirudisha kabatini. Chuoni nimeshawaandikia kwamba siendi. Usimpigie simu kumuuliza, maana atakuchangamkia nawe utaamini yuko sawa.

Jana aliacha kukunja nguo akaniambia, "Anza wewe, mimi nitaitikia."

Ubeti wa kwanza ni wa wanaobaki, kaka. Nikauanza.

Mdogo wako,
Chinatsu