Harusi Yako na Kodi ya Ami Aidarus

Kibokoni, Mji wa Kale,
Mombasa.

Kwa ndugu yangu mpenzi Saif,

Assalamu alaikum. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Maskati, na lile joto halijakumaliza. Sisi tu wazima wa mwili. Mguu wa Mama umepata nafuu, alhamdulillahi, ingawa tangu juzi hasemi nami. Utashangaa kupata barua zama hizi za simu. Ujumbe wa sauti Mama angeusikia, na haya nataka uyapate kwangu kabla hujayapata kwa watu.

Wajua nafanya kazi kwa Ami Aidarus tangu nimalize chuo, pale ofisini kwake Kilindini, kutoa mizigo ya watu bandarini. Kila mwezi mshahara wangu ulikatwa kodi, nami sikuhoji. Nilipomwomba fomu ya P9, ile ya kuonyesha kodi niliyokatwa mwaka mzima, nipeleke hesabu zangu kwa watu wa kodi, alicheka akasema mimi ni mwanawe, na baba na mwanawe hawadaiani karatasi. Nikaona haya. Nani hapa mtaani atamwomba ami yake ushahidi? Tena kila Ramadhani ndiye anayetuletea tende na nguo za Idi, nasi twainua mikono kumwombea dua. Sasa najua tende zile zilinunuliwa kwa pesa za nani, na zimenikaa kooni.

Mambo yalifumka kwa Kioko, yule karani mwenzangu kutoka Machakos. Alipata kazi ya serikali, akatakiwa alete cheti cha kodi. Alipokwenda kukiomba, akaambiwa kwa jina lake haijaingia hata senti. Kazi akapewa mwingine. Nikaenda kuulizia yangu, jibu likawa lilo hilo. Kioko hakupiga kelele. Alikaa kitini pake akaniuliza kama nilikuwa najua, kwa kuwa mimi ni wa nyumbani. Swali lile liliniuma kuliko tusi.

Watu wa kodi walipoarifu kwamba watakuja kukagua, Ami hakunijia mimi. Alimtuma Mama. Mama akaja na karatasi iliyokwisha kuchapwa, yasema mimi na Kioko hatukuajiriwa, tulikuwa tukisaidia tu siku za kazi nyingi na kupewa bahashishi. Ilibakia sahihi yangu. Alisema Ami ameahidi nikitia sahihi, nikaha yako na bintiye Mwanatumu itasomwa mfungo mosi, Ramadhani ikiisha, kama mlivyopanga. Nikikataa, yeye hana binti wa kuoza kwenye nyumba ya wachongezi. Mama alilia, akanikumbusha ulivyomsubiri yule msichana na unavyojinyima huko ugenini. Saif, kalamu niliishika. Wallahi niliishika.

Sikutia sahihi. Siku ya pili nilikwenda na Kioko ofisi ya kodi, nikaandikisha yote kwa jina langu kamili. Hakuna aliyenilazimisha. Posa yako imevunjwa, ndugu yangu, na mkono ulioivunja ni huu unaokuandikia. Sikuombi radhi kwa kusema kweli, ila roho yaniuma kwamba aliyelipishwa ni wewe, uliye mbali, usiyejua lolote. Ami namchukia. Hilo nalo ulijue, maana sitaki ulisikie baadaye kama siri.

Leso za harusi Mama amezikunja upya na kuzifungia kabatini, ufunguo anatembea nao. Hapa mtaani salamu zangu zaitikiwa nusu nusu. Kioko akusalimu sana.

Barua hii naipa jirani yetu Fadhiya, anayesafiri kesho kuja huko. Salamu ulizoniagiza kwa Mwanatumu sikuzifikisha, kwani nyumba ile nimefungiwa mlango. Ukimaliza tu kusoma mpigie mwenyewe, kabla babake hajamnyang'anya simu. Na ukimpata, usimlaumu. Nilaumu mimi.

Wasalaam, na Mungu akuhifadhi.

Ni mimi dadako,
Swabaha